Mwongozo wa tovuti za chuo kikuu: kauli ya mwisho awe nayo nani, TEHAMA, Uhusiano au ndaki?

Nguzo77

Wakuu salaam, naomba mawazo yenu hasa mlioko kwenye vitengo vya TEHAMA vya vyuo au mliowahi kupita huko. Niko chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, nimepewa kazi ya kuandika rasimu ya sera ya tovuti pamoja na mwongozo wa kuzijenga na kuzitunza kwa chuo kizima. Rasimu inaenda kwanza kamati ya TEHAMA, halafu menejimenti, halafu Baraza la Chuo. Kazi imetokana na balaa la mwaka jana, mtu kagugo jina la chuo akakutana na kurasa za kamari za Kiindonesia, zile za "slot gacor", ziko ndani ya sabdomeni (anwani ndogo chini ya anwani kuu ya chuo) ya ndaki (college) yetu moja, VC (Makamu Mkuu wa Chuo) akapigiwa simu na watu wa nje kabla sisi wenyewe hatujajua.

Hali ilivyo ni hivi, tovuti kuu ipo na iko vizuri kiasi, ila kila ndaki ina yake, taasisi zina zao, idara nyingine zina zao na miradi ya wafadhili ina zake. Zimejengwa na watu tofauti miaka tofauti, nyingine na wanafunzi wa mwaka wa mwisho kama projekti, nyingine na kampuni iliyokuja ikalipwa ikaondoka na nywila, kuna za mifumo ya kujengea tovuti kama WordPress, Joomla 3 na Drupal 7, kuna moja ya PHP tupu (lugha ya programu) ambayo aliyeiandika alishahamia benki. Nikifungua faili la DNS (orodha ya majina ya tovuti na seva zinakoelekea) naona majina kama mkutano2016, test2, alumni-new, oldportal, na ofisini hakuna mtu anayeweza kuniambia nusu ya hayo majina yanaelekea wapi.

Uhusiano wanasema tovuti ni sura ya chuo kwa hiyo ni yao. Sisi tunasema seva ziko kwetu na lawama zinakuja kwetu. Wahadhiri wanasema wakibanwa kwenye mfumo mmoja wananyimwa uhuru wa kitaaluma. VC yeye anataka chuo kipande kwenye Webometrics, ile orodha ya kupanga vyuo duniani kwa tovuti zao. Nimesoma sera za vyuo vya nje, nzuri sana ila zimeandikwa kwa ofisi yenye watu kibao, sisi ni wachache na mmoja wetu kutwa yuko kwenye mtandao wa hosteli. Tuanzie wapi jamani?

SevaYaPembeni

Mkuu pole na kazi. Nimefanya hii kitu miaka mingi, nakuambia usianze na muonekano, maana ukipeleka kwenye kamati picha ya tovuti mpya watajadili rangi na ukubwa wa nembo mpaka jioni na hakuna atakayeuliza ile test2 ni ya nani.

Anza na rejista. Chukua faili lote la DNS, halafu nenda crt.sh andika domeni ya chuo, pale utaona vyeti vya usalama vya tovuti vilivyorekodiwa hadharani kwa jina lenu, utakuta na sabdomeni ambazo hata kwenye DNS zilishafutwa. Halafu tafuta Google kwa site: na domeni yenu ukiongeza neno slot, ukiongeza casino, ukiongeza viagra. Ukimaliza una orodha. Kila tovuti kwenye orodha iwe na mwenye nayo kwa cheo, sio kwa jina la mtu, kwa sababu mtu anahama lakini Mkuu wa Idara yupo siku zote. Iwe na mtunzaji, yaani anayeshika kibodi. Iwe na mfumo na toleo lake, iko seva gani, bekapu ya mwisho lini, na tarehe ya kupitiwa upya kila mwaka. Sera yako nzima inaweza kusimama kwenye sentensi moja, kwamba tovuti isiyo na mwenye cheo kwenye rejista haibaki hewani.

Zile ambazo hazina mwenyewe toa notisi ya siku 30, wakikaa kimya usifute, igandishe. Kugandisha maana yake unachukua kurasa zote kama HTML tupu unaziweka kwenye seva ya kawaida, unazima PHP na databezi. Kurasa zinasomeka vilevile ila karibu hakuna tena cha kudukua. Mkutano wa 2016 hauhitaji WordPress hai mwaka huu.

Kuhusu kamari, wale jamaa hawana habari na chuo chenu, wanachotaka ni ac.tz, ule mwisho wa anwani za vyuo vya Tanzania. Google inaziamini domeni za vyuo, kwa hiyo wanaingia kupitia plagini (programu ya nyongeza) iliyochakaa au nywila dhaifu, wanapandisha faili dogo la PHP kwenye folda ya uploads, likishakaa pale linazalisha maelfu ya kurasa. Ubaya ni kwamba kurasa hizo zinaonyeshwa kwa roboti ya Google tu au kwa mtu aliyetokea kwenye matokeo ya Google, mkuu wa ndaki akiandika anwani moja kwa moja anaona tovuti yake iko salama kabisa, ndo maana nyinyi mlijua wa mwisho. Sajilini domeni nzima kwenye Google Search Console (huduma ya Google ya kufuatilia tovuti yako inavyoonekana kwenye matokeo), sio tovuti kuu peke yake, mtaletewa taarifa wenyewe. Na folda ya uploads izuiwe kuendesha PHP, ni mistari michache tu kwenye mipangilio ya seva.

Joomla 3 iliacha kupewa viraka vya usalama Agosti 2023 na Drupal 7 tarehe 5 Januari 2025, hizo mbili weka kwenye mwongozo kwa majina kwamba haziruhusiwi kuwa hewani, msibembelezane.

UhusianoKazini

Naomba niseme kwa upande wa pili maana mimi ni afisa uhusiano. Nakubaliana na rejista asilimia zote, ila TEHAMA msijipe maudhui, sio kazi yenu na hamna muda nayo. Kwetu ugomvi uliisha tulipotenganisha vitu viwili. Seva, domeni, vyeti, bekapu, matoleo ya programu, hayo ni TEHAMA na neno lao ni la mwisho. Kilichoandikwa kwenye ukurasa ni cha ofisi inayohusika, Uhusiano tunasimamia lugha, picha na nembo. Ada ni ya Bursa (mkuu wa fedha), almanaka na sifa za udahili ni za Msajili, wasifu wa mhadhiri ni wa mhadhiri mwenyewe. Mtu wa aiti akiambiwa na mtu koridoni "badilisha pale kwenye ada" anatakiwa akatae mpaka Bursa aseme kwa maandishi.

Halafu kuna kipengele nakuomba ukipiganie mpaka mwisho. Taarifa ya ada, almanaka, sifa za kujiunga na namna ya kulipa ikae ukurasa mmoja tu chuo kizima, ndaki ziweke linki, zisinakili. Nilishakaa mapokezi wiki ya usajili, akaja mzazi ametoka mkoani na karatasi amechapisha stationari, muundo wa ada wa ndaki moja wenye nembo yetu juu, ila wa miaka mitatu nyuma. Ameuza mahindi kwa hesabu ile. Karatasi ni halali, imetoka kwenye domeni yetu, imepakiwa na sisi, na pale dirishani wanamwambia hela haitoshi. Mzee yule hakugomba, alikaa kwenye benchi akawa anairudia kuisoma ile karatasi. Mwanae alisajiliwa baadaye kwa mkopo wa ndugu. Tangu siku hiyo PDF yoyote ya ada isiyo na mwaka wa masomo kwenye jina la faili na kwenye kila ukurasa siipandishi, na ya mwaka uliopita inatolewa siku ileile mpya inapoingia.

Na jamani Kiswahili. Maelekezo ya kujiunga yanasomwa na wazazi, tunayaweka kwa Kiingereza cha kisheria kurasa kumi na kitu. Mwongozo useme kurasa za udahili, ada na huduma za wanafunzi ni lugha mbili, lazima.

Mkufunzi_K

Mimi ni mhadhiri na ni kati ya hao wanaolalamika kuhusu uhuru, lakini mnatuelewa vibaya. Hatukatai rejista. Tunakataa kusubiri. Mradi wa utafiti umepata fedha Machi, mfadhili anataka tovuti iwe hewani Mei, unaandika barua kwa mkuu wa idara, inakwenda kwa mkuu wa ndaki, inakwenda TEHAMA, inarudi inataka fomu, Mei imepita. Mtu anafanya nini? Ananunua .org kwa kadi yake mwenyewe. Mradi ukiisha hakuna wa kulipia, domeni inaachwa, inanunuliwa na watu wengine, na kwenye ripoti na makala zetu anwani ni ileile. Nimeshaona tovuti ya mradi wa afya ya mama na mtoto imegeuka duka la vidonge vya kukuza misuli huku jina la chuo bado liko chini ya ukurasa.

Kwa hiyo nikuombe Nguzo, kwenye mwongozo usiandike makatazo peke yake. Andika ahadi ya TEHAMA pia. Mtu akijaza fomu ya ukurasa mmoja yenye jina la mradi, mwenye cheo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, apate sabdomeni na templeti tupu ndani ya siku 5 za kazi. WordPress multisite inafaa kwa hilo, instoleshini moja, mnaiapdeti mara moja, kila mradi na ndaki wanapata tovuti yao ndani yake na wao hawana ruhusa ya kuongeza plagini. Mkitoa huduma ya haraka hatutakimbilia nje, na hapo hamhitaji hata kututisha.

Pia vitu viwili visiingizwe humo. Majarida ya chuo yanayoendeshwa kwa mfumo wa OJS na hazina ya tasnifu iliyo kwenye mfumo wa DSpace ni mali ya maktaba na sheria zake ni tofauti, pale linki haibadilishwi wala haifutwi, watu wameshainukuu. Nimeona chuo kimehamisha DSpace kwenda anwani mpya bila kuweka maelekezo kutoka ya zamani, tasnifu zipo ila kila aliyeweka linki kwenye makala yake anaangukia kwenye ukurasa wa kosa.

Nguzo77

Hii ya siku 5 imenigusa, ni kweli tunachelewesha. Ila mkuu Mkufunzi, ndaki isiyoapdeti miaka minne tukiihamishia multisite wanasema tumewanyang'anya. Na hapo hapo nyinyi mnasema mwenye tovuti ni mkuu wa ndaki. Akikataa kuhama?

BaharariKE

Wadau salamu kutoka Kenya. Nitasema kitu moja ambayo hamjagusa, data za wanafunzi. Huku kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na watu waliichukulia mchezo mpaka Kamishna wa Data alipoanza kutoa adhabu, mwaka 2023 kuna shule ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Vyuo vikaamka. Nyinyi pia mko na sheria yenu ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023 na Tume yake iko, chuo kinafaa kusajiliwa huko kama mkusanyaji wa taarifa.

Sasa angalieni kile kiko kwenye tovuti zenu. Orodha ya waliochaguliwa, PDF, jina kamili, namba ya mtihani wa kidato cha nne, wakati mwingine namba ya simu. Matokeo ya muhula yamebandikwa kwa jina. Hiyo PDF inakaa hapo miaka, Google imeshaisoma, na wale matapeli wa "tuma pesa ya usajili" wanapata namba hapo hapo. Mwongozo wako useme orodha yenye taarifa za mtu inaonekana kwa kuingia na akaunti, na kama lazima iwe wazi basi ni namba ya usajili pekee na inatolewa baada ya muda uliowekwa. Hii ni kazi ya siku moja kusafisha na inaokoa chuo shida kubwa.

Ya pili ni hosti, yaani seva ya kuwekea tovuti. Msiache kila idara inunue hosting ya bei rahisi nje. Huku vyuo wanachama wa KENET wanahosti huko, nyinyi mko na TERNET, Uganda wako na RENU, hizi zote ni mitandao iliyoanzishwa kwa ajili ya vyuo na utafiti. Waulizeni wanatoa nini kabla hamjalipa kampuni ya mbali kwa dola.

msikilizaji_wa_skrini

Mimi ni mwanafunzi, sioni, natumia NVDA kwenye kompyuta na TalkBack kwenye simu, programu zinazonisomea skrini kwa sauti. Nasoma huu uzi naona mnaongelea vizuri, naomba tu na sisi tuwemo.

Tangazo la mtihani likitoka ni karatasi imepigwa muhuri, ikaskaniwa, ikawekwa kama PDF ya picha. Kwangu ile faili ni kimya. NVDA inasema ukurasa mtupu. Inabidi nimpigie rafiki anisomee, na tangazo lenyewe mara nyingi ni sentensi nne. Hizo sentensi nne mngeziandika kwenye ukurasa kama maandishi na PDF mkaiweka chini kwa anayetaka muhuri, mimi ningesoma mwenyewe, na wenzangu wanaoona wasingemaliza bando kudaunlodi faili la MB 6 kwa ajili ya tarehe moja.

Fomu ya kuomba hosteli nayo ina vitufe havina majina, nasikia "kitufe, kitufe, kitufe". Kuna viwango vya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu vinaitwa WCAG, toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, kiwango cha AA ndicho vyuo vingi duniani wanakitumia. Kiandikeni kwenye mwongozo, na kabla tovuti haijaenda hewani mtuite mmoja wetu aijaribu. Tupo chuoni, hatuko mbali.

UhusianoKazini

Mdogo wangu asante sana kwa kuandika. Hilo la skani ni letu sisi Uhusiano, tunataka muhuri uonekane ili watu wasiseme tangazo ni feki. Maandishi juu, PDF chini, hakuna kinachotuzuia.

SevaYaPembeni

Nguzo kuhusu mkuu wa ndaki anayekataa. Tenganisha nyaraka mbili. Sera iwe fupi, kurasa mbili tatu, ipitishwe na Baraza, na iseme mambo yasiyobadilika, kwamba domeni ya chuo ni mali ya chuo, kwamba kuna rejista, nani ana mamlaka juu ya nini kama alivyosema Uhusiano hapo juu, na mgogoro unaamuliwa na nani. Kwenu nadhani ni Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Mipango na Utawala, mwiteni kwa cheo. Mwongozo wa kiufundi uwe nyaraka ya pili ambayo kamati ya TEHAMA inaweza kuibadilisha yenyewe, matoleo ya PHP, templeti, WCAG, muda wa notisi, hivyo vitu vinabadilika kila mwaka na huwezi kumsubiri mwenyekiti wa Baraza kwa ajili ya plagini.

Ndani ya sera weka kifungu cha dharura. Tovuti ikidukuliwa au ikikutwa inavujisha taarifa za watu, TEHAMA wanaizima saa ileile, taarifa kwa mwenye cheo inafuata ndani ya saa 24. Bila hicho kifungu mtakuwa mnaomba ruhusa huku kamari inaendelea. Na mkuu wa ndaki asiyetaka multisite apewe haki ya kubaki kwa masharti, atoe mtunzaji mwenye jina, mfumo uwe ndani ya muda wa kupewa viraka, akubali kukaguliwa kila robo mwaka. Wengi wakiona masharti wanahama wenyewe, wachache wenye uwezo wanabaki na hao hawana shida.

Webometrics mwelezeni VC vizuri. Imekuwa ikitolewa na maabara ya Cybermetrics ya Hispania tangu 2004, kwa kawaida Januari na Julai, na miaka ya karibuni nusu nzima ya alama imekuwa inatokana na linki za nje zinazokuja kwenye domeni yenu, sehemu kubwa ya nyingine ni makala zinazonukuliwa. Kubadili rangi hakuongezi kitu. Kinachosaidia ni yale aliyosema Mkufunzi, miradi ibaki ndani ya ac.tz badala ya .org za mfukoni, tasnifu ziwe wazi DSpace, na linki za zamani ziendelee kufanya kazi mnapohama. Kila anwani ya zamani iwe na maelekezo kwenda mpya, hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye kuhama na ndo inayorukwa.

Mkataba wowote wa kutengeneza tovuti unaopita manunuzi uwe na vifungu vya msimbo kuwa mali ya chuo, nywila zote za juu kukabidhiwa kwenye akaunti ya ofisi sio Gmail ya mtu, na matengenezo ya miezi 12. Na kwa watumishi, mtu akihama au akistaafu fomu yake ya klirensi (ya kukabidhi vitu anapoondoka) iwe na mstari wa TEHAMA, kama vile ilivyo na maktaba, asisainiwe mpaka akaunti zake za tovuti zimekabidhiwa.

Nguzo77

Nimepata zaidi ya nilichotegemea wakuu, hasa ya sera na mwongozo kuwa nyaraka mbili, mimi nilikuwa nimezichanganya kwenye kurasa arobaini. Swali la mwisho, kuhama kwenyewe tufanye lini? Bosi anataka ionekane kabla ya mahafali.

SevaYaPembeni

Mahafali kwenu si Novemba au Desemba, basi mtagongana na udahili na usajili. Mwambie bosi kitu cha kuonekana kabla ya mahafali ni rejista imekamilika, kamari imetoka, PDF za majina zimetolewa, na ukurasa mmoja wa ada wa lugha mbili, hivyo vinawezekana kwa timu ndogo. Kuhamisha ndaki anzeni Februari, moja moja, mkianza na ile iliyodukuliwa. Dirisha la udahili likishafunguliwa Julai msiguse DNS wala tovuti kuu mpaka wa mwaka wa kwanza wamesajiliwa.